Mashine ya nguvu za kiume: Kapime sukari kwanza



Wiki hii nawaomba wale wenye desturi ya kumpa mtoto gazeti awasomee kwa sauti barazani walichukue wenyewe kwanza, wasome, kisha waamue. Mada yetu ni ya wakubwa. Hata hivyo sioni sababu ya kuikwepa, kwani Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza yanayohusu dini yao, na maradhi ya unyumba yanaigusa dini ya mtu, afya yake na ndoa yake kwa pamoja. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayomfikisha mtu kaburini kabla hajaonana na daktari ni jambo jingine.

Kisa kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, alinivuta kando baada ya swala ya Isha. (Amenipa ruhusa nilisimulie hili kwa sharti la kutomtaja jina, nami nimetimiza.) Aliniambia kuwa kwa muda wa miaka miwili jogoo wake hawiki, na kwamba alisikia habari za mashine mpya inayotibu tatizo hilo kwa mawimbi, bila kisu, bila sindano na bila kidonge. Akaenda, akalazwa kitandani, akapakwa mafuta mazito, mashine ikamgonga gonga kwa dakika kama ishirini, naye akarudi nyumbani. Alifanya hivyo mara sita. Fedha alizolipa zilikuwa za kuezekea chumba cha nyuma. Kwa wiki chache aliona nafuu, akafurahi, kisha mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Sasa alitaka nimshauri kama auze kiwanja ili akarudie mara sita nyingine.

Sikumjibu kuhusu kiwanja. Nilimwuliza swali moja tu: "Mzee wangu, walikupima sukari?" Akasema hapana. "Presha je?" Hapana. Nikamwomba asubuhi aende zahanati kabla hajanywa chai. Alipopimwa, sukari yake ilikuwa 13, wakati mtu ambaye hajala tangu usiku akifikia 7 tayari huhesabiwa kuwa na kisukari kipimo kikirudiwa na kuthibitika. Presha ilikuwa 160 juu na 100 chini.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu, nami nitaisema wazi mapema. Sisemi kuwa mashine hii ni uchawi wala kwamba kila anayeitumia ni tapeli. Ninachosema ni kuwa kumuuzia mwanamume tiba ya mawimbi kabla ya kupima sukari, presha na moyo wake ni kumdhulumu, hata kama mashine yenyewe ni nzima na hata kama mwenye kuiendesha ana nia njema.

Tuanze na mashine yenyewe. Mawimbi ya mshtuko si jambo geni hospitalini. Mwaka 1980 katika mji wa Munich, Ujerumani, mgonjwa wa kwanza alitibiwa vijiwe vya figo kwa mawimbi yaliyopigwa kutoka nje ya mwili, yakapita kwenye nyama bila kuichana na kukivunja kijiwe kule ndani. Mashine ile ilitoka kwa kampuni ya Dornier, watengenezaji wa ndege, ambao walikuwa wakichunguza namna mawimbi ya aina hiyo yanavyoharibu mabati ya ndege. Tangu hapo watu wasiohesabika wameepushwa na kisu kwa njia hiyo.

Baadaye wataalamu wakajiuliza: kama wimbi kali huvunja jiwe, wimbi dogo sana hufanya nini kwenye nyama laini? Wakaona kuwa likipigwa kwa nguvu ndogo huichokoza nyama kidogo, nayo hujibu kwa kutoa kemikali zinazochochea mishipa midogo ya damu kuota. Wajapani walilionesha hili mwaka 2004 kwa mioyo ya nguruwe wa maabara iliyokuwa imepungukiwa damu (msinikunjie uso, hiyo ni habari ya kitaalamu tu). Basi fikra ikaja kwamba kama mishipa inaweza kuchipua kwenye moyo, kwa nini isichipue kwenye uume, ambao kusimama kwake ni kazi ya damu?

Kwa hakika ni kazi ya damu. Mwanamume anapopata hamu, neva hutuma habari, mishipa ya uume hulegea na kutanuka, damu huingia kwa wingi ndani ya nyama iliyo kama sponji, na nyama hiyo ikishajaa huibana mishipa ya kutolea damu ili isitoke. Mishipa ikiwa imekakamaa au imeziba kwa mafuta, hamu itakuwepo lakini damu haitafika ya kutosha. Kwa wanaume wengi wenye umri wa makamo na kuendelea, tatizo huanzia hapo.

Madaktari wa mji wa Haifa walikuwa wa kwanza kutangaza matokeo ya tiba hii kwa tatizo letu. Mwaka 2010 walieleza habari za wanaume 20 tu, ambao mishipa yao ilikuwa na hitilafu lakini bado walikuwa wakipata nafuu kwa vidonge. Kila mmoja alipigwa mawimbi mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu, akapumzishwa wiki tatu, kisha akarudia wiki tatu nyingine. Kuna dodoso linalotumika duniani kote ambapo mgonjwa hujibu maswali sita na kupewa alama, za juu zikiwa 30. Wanaume hawa walipanda kutoka wastani wa 13.5 hadi 20.9, na 10 kati yao hawakuhitaji vidonge tena miezi sita baadaye. Habari njema, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo.

Mwaka 2012 madaktari hao hao wakalifanya jambo hilo kwa wanaume 67, safari hii kwa utaratibu unaotakiwa. Wengine walipigwa mawimbi ya kweli na wengine walipigwa kiini macho: kichwa cha mashine kinafanana, kinalia vilevile, ila hakitoi wimbi, na mgonjwa hajui yupo upande gani. Waliopigwa mawimbi ya kweli walipanda alama 6.7. Waliopigwa kiini macho walipanda alama 3.0.

Naomba usiipite namba hiyo ya pili haraka. Alama tatu kwa mashine iliyokuwa ikipiga kelele tu! Maana yake ni kuwa tatizo hili lina uhusiano mkubwa na moyo wa mtu, matumaini yake na utulivu wake, kiasi kwamba mwanamume aliyepata pa kusemea, akalazwa kitandani na kuhudumiwa na mtu mwenye koti jeupe, hupata nafuu hata kama hakupewa tiba yoyote. Ndiyo sababu ushuhuda wa "mimi nilikwenda na nikapona" hauwezi kuwa hoja peke yake, hata ukitolewa na mtu mkweli anayeswali safu ya mbele. Wala hilo halimfanyi kuwa mwongo, kwani yeye ameeleza alichokihisi.

Kisha wakaja watafiti wa Denmark. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya wanaume 126, wao wakitumia mashine ya aina nyingine na mpangilio mwingine wa mapigo, pia kwa kiini macho upande wa pili. Waliopata nafuu kwenye makundi mawili walikaribiana mno, ikawa hakuna faida ya maana iliyoonekana. Zipo tafiti nyingine zilizoona faida na nyingine zisizoona. Mashine zinatofautiana, idadi ya mapigo inatofautiana, wagonjwa wanatofautiana.

Lakini utafiti ninaotamani kila muuza tiba hii aubandike mlangoni kwake ni ule uliotolewa mwaka 2018 na madaktari wale wale wa mwanzo, walioipenda tiba hii na kuitetea. Waliwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka miwili. Katika waliofanikiwa mwanzoni, karibu nusu tu ndio waliobaki na faida yao baada ya miaka miwili. Wenye tatizo dogo na wasio na kisukari ndio waliodumu vizuri zaidi. Na wale waliokuwa na kisukari pamoja na tatizo kubwa? Faida ilipotea kwa wote. Wote, ndugu msomaji! Sasa mfikirie mzee wetu mwenye sukari 13 asiyejua kama anayo, anayetaka kuuza kiwanja.

Kwa sababu hizi, chama cha madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo cha Marekani kiliandika katika mwongozo wake wa 2018 kuwa tiba hii ihesabiwe bado ipo katika uchunguzi. Wenzao wa Ulaya wamelegeza kidogo, wakasema inaweza kutumika kwa mwenye tatizo dogo linalotokana na mishipa, aliyeelezwa ukweli wote, nao wakakiri kuwa ushauri wao huo ni dhaifu. Hizo ndizo kauli za wenye elimu. Zilinganishe na bango la barabarani linalosema "pona kabisa".

Ipo pia hila moja inayowapita wengi. Mashine zinazoitwa za mawimbi ya mshtuko si za aina moja. Ipo inayotoa wimbi halisi na kulikusanya mahali palipokusudiwa ndani ya mwili. Na ipo ambayo ndani ya bomba lake hewa iliyobanwa husukuma kipande cha chuma kikagonga kichwa cha mashine, na mgongo huo husambaa kuanzia juu ya ngozi na kufifia haraka unapoingia ndani. Hii ya pili ni ya bei nafuu na ni ya halali kabisa kwa maumivu ya kisigino na bega, hutumiwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Shida ni kwamba matokeo ya ile ya kwanza huchukuliwa na kutangaziwa hii ya pili. Mgonjwa haoni tofauti, zote mbili zinalia tak-tak-tak.

Kwa upande wa madhara niwe mwadilifu: tiba hii ikifanywa na mtaalamu kwa nguvu ndogo, madhara yaliyoripotiwa ni machache. Hasara kubwa ni fedha na muda. Na muda ndio ninaouogopa zaidi.

Nieleze kwa nini. Mshipa unaopeleka damu kwenye uume ni mwembamba, upana wake ni milimita 1 hadi 2. Mishipa inayoulisha moyo ni milimita 3 hadi 4. Mafuta na ukakamavu vikianza kuharibu mishipa ya mwili mzima, ni upi utakaoziba kwanza? Ule mwembamba. Ndiyo maana madaktari wa moyo wameona kuwa kwa wanaume wengi kushindwa kwa uume hutangulia maumivu ya moyo kwa miaka miwili hadi mitano hivi. Kwa maneno mengine, mwanamume anayeona haya ya kitandani mwaka huu huenda amepewa habari mapema za mshtuko wa moyo au kiharusi ambacho bado kinaweza kuzuilika. Mashine ya mawimbi, hata ikifanya kazi vizuri, inapigwa mahali pamoja pa mwili. Haigusi moyo wala figo, wala haigusi macho yanayoanza kufifia kwa sukari.

Wala kisukari si habari ya mbali na sisi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa wanaume 312 waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kisukari, na zaidi ya nusu yao walikuwa na tatizo hili kwa kiasi fulani. Hao ni wale wanaojua kuwa wana kisukari. Wasiojua wapo kwenye foleni ya mashine na kwa wauza dawa za kienyeji.

Nimegusa dawa za kienyeji, na hapa niseme neno ambalo wengine litawaudhi. Baadhi ya "miti shamba" ya nguvu za kiume inayouzwa kwa vifungashio vya kupendeza imekutwa imechanganywa dawa za kiwandani kwa siri, hasa sildenafili, ambayo ndiyo Viagra. Huko Singapore, katika miezi ya mwanzo ya 2008, watu wapatao 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka ghafla, wengi wao kwa sababu ya dawa za nguvu za kiume zilizotiwa dawa ya kushusha sukari. Wanne walifariki. Walidhani wanakunywa mizizi.

Sildenafili yenyewe, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, imesaidia mamilioni na sasa kidonge chake kisicho na jina la Viagra ni cha bei nafuu. Lakini mwenye kutumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama zile za kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, haruhusiwi kabisa kuichanganya nazo, presha inaweza kuanguka akafa. Kwa hiyo nayo ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kuazimana kijiweni.

Na kijana wa miaka ishirini na tano anayesoma haya? Kama unaamka alfajiri na uume umesimama sawasawa, basi kwa kawaida mishipa na neva zako ni nzima, na shida yako huenda ni hofu, msongo, ugeni wa ndoa au mazoea ya kutazama picha chafu. Kuotesha mishipa mipya kwa mtu ambaye mishipa yake ni mizima ni kazi ya bure yenye risiti. Zungumza na mkeo, mpe na yeye nafasi ya kuzungumza, na ikishindikana mwone mshauri.

Kuna njia isiyotangazwa kwa sababu hakuna anayepata fedha kwayo. Mwaka 2004 watafiti wa Italia walichukua wanaume wanene 110 wenye tatizo hili, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kwa undani namna ya kupunguza kula na kufanya mazoezi, jingine likapewa maelezo ya jumla tu. Baada ya miaka miwili, takriban theluthi moja ya kundi la kwanza walirudi katika hali ya kawaida, huku katika kundi la pili wakiwa watatu tu. Hawakupigwa wimbi lolote. Ongeza hapo kuacha sigara, ambayo ni adui mkubwa wa mishipa midogo. Najua wapo wenzetu wanaofuturu kwa sigara kisha wanalalamikia nguvu za kiume.

Niseme na kina mama pia, kwa kuwa tatizo hili lina watu wawili. Mume akikaa mbali nawe, akilala sebuleni kwa kisingizio cha joto, akiwa mkali bila sababu, usikimbilie kudhani kuwa ana mwingine. Huenda anaona aibu. Na wewe mume, usimwache mkeo akijilaumu kwa ugonjwa wa mishipa yako. Ni haki yake kujua. Wanavyuoni wengi wa fiqhi, walipozungumzia mume asiyeweza kumwingilia mkewe na mke akashitaki, walimpa mume muhula wa mwaka mmoja kabla ya kutenganishwa, na wakaeleza hekima yake kuwa mwaka hupitisha misimu yote minne, ikabainika kama ni maradhi ya kupita au la. Nimelitafakari sana jambo hilo. Mafakihi wale walikuwa na subira ya mwaka mzima juu ya mwili wa mwanadamu, ilhali muuza mashine anakuahidi wiki tatu. Na mwaka mmoja unatosha kabisa kushusha sukari, kutengeneza presha, kupunguza tumbo na kujaribu vidonge chini ya daktari.

Anayeona tabu kuvua nguo mbele ya daktari akumbuke kuwa dharura ya tiba ina ruhusa yake kisheria, kwa kiasi kinachohitajika. Tena mara nyingi hatua ya kwanza haihitaji kuvua kitu. Ni kukunja mkono wa shati kwa ajili ya presha, tone la damu kwa sukari, damu kidogo kwa kolesteroli na pengine homoni ya testosteroni, na daktari kutazama orodha ya dawa unazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha na za msongo nazo hupunguza nguvu hizo. Usiziache kwa uamuzi wako, mwambie akubadilishie.

Ukishapita hapo, ikaonekana kuwa tatizo lako ni dogo, ni la mishipa, sukari yako imetulia, na una fedha ambazo kuzikosa hakutawalaza watoto na njaa, basi kwenda kujaribu mawimbi ni hiari yako na sitakulaumu. Ila ukifika, waulize: mashine hii ni ya wimbi lililokusanywa au ni ile ya kugonga juu ya ngozi? Nani anaiendesha, ni daktari wa mfumo wa mkojo au ni mhudumu aliyefundishwa kubonyeza? Nisipopata nafuu itakuwaje? Je, mtaniambia kuwa nirudie? Na kama hawakukuuliza habari za sukari hata mara moja, vaa viatu vyako uondoke.

Mzee wetu hajauza kiwanja. Anahudhuria kliniki ya kisukari kila mwezi, chai anakunywa bila sukari na analalamika kila siku, na jioni tunamwona akitembea na mkewe kuelekea uwanjani, jambo ambalo mtaani halikuwa limezoeleka. Mara ya mwisho aliniambia kuwa sukari imeshuka hadi 8 na daktari ameanza kuzungumza naye habari ya vidonge. Yaliyobaki hakunieleza, nami sikuuliza.

Wallahu a'alam.